Hakuwahi Kujiuma Mara Tisa

Siku ya kuniaga nikistaafu, walimu wenzangu, mlinipa blanketi. Zito, la sufu, lenye picha ya simba. Nimekaa Turkana tangu ujana wangu na mtu pekee niliyewahi kumwona akitetemeka kwa baridi mjini Lodwar ni mwenye malaria. Lakini nawashukuru. Nimelikunja mara nne, nimeliweka juu ya kiti cha mbao, na ndilo ninalolikalia nikiandika haya. Mwalimu kijana aliyeshika kipaza sauti alisema, "Mwalimu Wakesho, kabla hujapotea, tuandikie siri za kazi." Siri sina. Nina makosa, na hayo nimeyatunza vizuri. Nitawaandikia moja, la katikati ya miaka ya sabini, kwa sababu naona kila wiki mnalirudia mkiwa na kompyuta.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa miaka ile nikiwa juu ya lori la mahindi kutoka Kitale. Siku mbili. Niliposhuka sikuwa na sehemu ya mwili isiyo na vumbi. Mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa amesimama kivulini alinitazama nikijikung'uta, akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok?"

Sikujua kujibu. Akahamia Kiswahili.

"Wewe natoka Kenya?"

"Natoka Taita."

"Hiyo iko Kenya?"

"Iko."

"Haya. Habari ya Kenya?"

Nikamwambia nzuri, kana kwamba nimevuka mpaka, na kusema kweli mgongo wangu ulikuwa na hakika kwamba nimevuka. Mtu huyo ndiye Ekal, karani wa kituo nilichokuja kufundisha, na ndiye mwalimu wangu wa kweli katika kazi hii, ingawa cheti chake kilikuwa cha darasa la saba na changu kilikuwa na muhuri wa dhahabu. Kabla ya kuwa karani alikuwa amesoma kipimo cha mvua kwa miaka mingi. Kila asubuhi saa tatu alikwenda, akainama, akatazama chombo kikavu, akaandika sifuri. Alisema hiyo ilikuwa kazi ya imani, kama ya padri.

Kituo kilikuwa vyumba viwili vya mawe na paa la bati, na watoto kumi na wawili: wasiosema, wasiosikia, wanaochelewa kuelewa, na wawili watatu ambao hakuna aliyejua wana nini ila kwamba shule nyingine hazikuwataka. Siku yangu ya kwanza mtoto mmoja alinimwagia uji, mwingine akala chaki. Nilikwenda kulia nyuma ya choo. Ekal alinifuata na kikombe cha chai, akaniambia kwamba mwalimu aliyenitangulia alilia siku ya kwanza mpaka ya tatu, kwa hiyo nikiishia leo nitakuwa nimevunja rekodi.

Grafu nilifundishwa na sista mmoja mgeni aliyekaa nasi majuma matatu kisha akaondoka na tumbo la kuendesha. Chini, mstari wa siku. Kando, mstari wa kusimama, wa idadi ya mara. Kila siku unahesabu tabia moja tu, unaweka nukta, unaunganisha nukta na nukta. Alitufundisha kutazama mambo matatu: nukta ziko juu au chini, zinaelekea wapi, na zinayumba kiasi gani. Mawili ya kwanza alitueleza kwa siku nzima. La tatu alilieleza siku ile tumbo lilipoanza, kwa hiyo tulipata dakika tano.

Kuhesabu tulihesabu kwa mawe. Vaa aproni yenye mifuko miwili, tia mawe madogo kwenye mfuko wa kulia, na kila tabia inapotokea hamisha jiwe kwenda kushoto. Usiandike mbele ya mtoto, kwa maana mtoto akiona kalamu inaruka kila anapofanya jambo, atakufanyia tamasha. Karatasi ya grafu ilipokwisha tulichora mistari nyuma ya karatasi za kaki za sukari. Hapo nilijifunza jambo la bure ambalo nawapa bure: ukibadilisha karatasi usibadilishe vipimo. Mara moja nilitanua mstari wa kusimama kwa sababu karatasi ilikuwa ndefu, na mtoto aliyekuwa mtulivu mwezi mzima akaonekana kama ana mlima Elgon ndani yake. Bwana mmoja mkubwa alipitia karatasi ile akatikisa kichwa kwa huzuni. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala.

Baada ya miaka mitatu hivi kilifunguliwa kituo kidogo Kakuma, nasi tukapelekwa, mimi na Ekal. Kakuma ya wakati huo msiifikirie ile mnayoijua ninyi, ya kambi ya wakimbizi. Ilikuwa maduka machache ya Wasomali, kituo cha polisi, misheni, na mto Tarach ambao ni mto kwa maneno tu. Maji yalichotwa kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, yakaletwa na punda. Matroni alikuwa Mama Rispa kutoka Bungoma, mwanamke mnene, mcha Mungu, adui wa uchafu kuliko adui wa shetani. Watoto walimpenda kwa sababu aliwaimbia. Mimi nilimwogopa kwa sababu alikagua kucha zangu pia.

Huko ndiko alikoletwa Nakiru. Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, hakuwa akisema, na alijiuma. Hasa nyama ile ya chini ya kidole gumba, mkono wa kushoto. Alipoletwa palikuwa na kidonda kinachotoa usaha na juu yake kovu na juu ya kovu kidonda kingine. Mama yake alimwacha kwetu akarudi upande wa Oropoi kwenye mbuzi, akiahidi kuja akipata njia. Njia maana yake miguu.

Kila mwezi ilikuja ndege ndogo na daktari kutoka kusini. Tulimwita Daktari wa Ndege. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye saa mbili tu kabla ya kuruka tena. Aliutazama mkono wa Nakiru, akasema ukioza utakatwa. Akatoa fomu. Nijaze mwezi na nusu, na kama tabia haishuki, basi atamchukua kwenye ndege, ampeleke hospitali kubwa huko chini, wamfunge mikono kwa mbao na wampe sindano za kumtuliza. Kwa muda gani? Akainua mabega. Mama yake angefikaje huko? Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Nikahesabu. Saa tatu mpaka saa sita, kila siku, mawe mfukoni. Na grafu ikaanza kucheza. Mbili, tatu, ishirini na nane, nne, tatu, mbili, thelathini na moja, tatu. Ilionekana kama meno ya msumeno ulionolewa na mlevi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Fomu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa: wastani kwa siku. Kisanduku kimoja, nambari moja. Baada ya siku arobaini na tano nikajumlisha, nikagawanya, nikapata tisa. Nikachukua rula nikapiga mstari mzuri mwekundu katikati ya msumeno, kuanzia mwanzo hadi mwisho, penye tisa. Mstari ulikuwa umelala chali kama mfu. Haukushuka hata kidogo. Nikautazama nikaona jinsi kazi ilivyo safi.

Ekal alikuja na chai, akasimama nyuma yangu.

"Hii laini nyekundu ni nini, Mwalimu?"

"Wastani. Anajiuma mara tisa kwa siku."

"Siku gani?"

"Siku yoyote. Kwa wastani."

"Nionyeshe siku moja amejiuma tisa."

Nikatafuta. Haikuwepo. Nakiru alikuwa na siku za mbili, tatu, nne, na alikuwa na siku za karibu thelathini. Katikati palikuwa patupu, kama barabara ya kwenda Lokichoggio.

"Kule kwa mvua," Ekal akasema, akivuta kiti, "nilikuwa na bosi mmoja napenda hii kitu. Alisema Lodwar inanyesha kidogo kila siku, kwa wastani. Mimi nikamwambia, mzee, basi nipe mwavuli. Hapa mvua nakuja mara mbili, nachukua mbuzi yako na nyumba yako, halafu naenda. Hakuna kidogo-kidogo. Huyu mtoto ni wawili, Mwalimu. Iko Nakiru ya jua na Nakiru ya mvua. Wewe umechora mtoto wa tatu, mwenye hatuna."

Niliona aibu, na nilipaswa kuona. Mstari wangu ule ndio ungempandisha Nakiru kwenye ndege. Daktari angeusoma kwa dakika moja: haushuki, aondoke. Na ndege ilikuwa inarudi baada ya siku tisa.

Kwa hiyo, vijana wangu, grafu ikiyumba msiipige pasi. Kuyumba ni swali linaloulizwa kwa sauti. Lakini kabla ya kumuuliza mtoto, jiulizeni wenyewe, maana mara nyingi anayeyumba ni mhesabuji. Nilianzia hapo. Siku nyingine nilihesabu mimi, siku nyingine Ekal, na hatukuwahi kukubaliana kujiuma ni nini. Tukakaa wote wawili mbele ya Nakiru asubuhi moja, kila mtu na mawe yake. Mimi nikapata mbili, yeye akapata tano.

"Umezitoa wapi tano?"

"Ameuma, ameachia, ameuma, ameachia..."

"Hiyo ni moja, Ekal. Ni mfululizo."

"Kwani wewe ukila ndizi unauma mara moja?"

Tukatunga sheria: meno yakigusa ngozi ni mara moja, akiachia, ukahesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu, kisha akauma tena, ni mara nyingine. Tukajaribu tena kesho yake tukapata sawa. Lakini tofauti yetu ya zamani haikutosha kueleza msumeno. Siku za ishirini na nane zilikuwa zangu na zilikuwa zake. Msumeno ulikuwa wa Nakiru mwenyewe.

Nikatafuta siku za juma. Jumatatu? Hapana. Siku za soko, siku za misa, siku za maharage? Hapana, hapana, na hapana, ingawa siku za maharage kila mtu alikuwa na hasira. Nikaandika upepo ulivyovuma. Nikaandika nani alikaa karibu naye. Niliandika kila kitu chumbani, hata mbuzi wa jirani aliyeingia darasani. Vilele vilikuja baada ya siku tatu, kisha sita, kisha nne, bila mpango wowote niliouona. Siku zikabaki tano kabla ya ndege, nami usiku nikawa nauona mstari mwekundu hata nikifumba macho.

Asubuhi ile Nakiru alikuwa kwenye siku yake ya mvua. Mfuko wangu wa kushoto ulishajaa mawe hata kabla ya saa nne. Ndipo mama yake akaingia. Alikuwa ametembea siku mbili, miguu imepauka mpaka magotini, shingo yake imejaa shanga kutoka mabegani hadi kidevuni kama wanawake wote wa kwao. Akatusalimu. Akamwendea binti yake akapiga magoti.

Lazima niwaeleze sare zetu. Wafadhili wa nchi fulani ya baridi walikuwa wametutumia magauni ya kijivu yenye mikono mirefu na kola ya kusimama, vifungo sita mpaka chini ya taya. Kakuma. Tuliwavisha kwa sababu wafadhili walitaka picha. Mama yake Nakiru aliitazama kola ile kama mtu anayetazama mtego, akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akafika shingoni, akasimamisha vidole.

Kisha akakaa chini sakafuni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti. Sio machozi ya kufurahi kuonana. Kilio cha msiba.

"Anasema nini?" nikamuuliza Ekal.

Ekal alikuwa amebadilika uso. "Anauliza nani amekufa."

"Hakuna aliyekufa!"

"Mtoto hana shanga, Mwalimu. Kwetu hii kitu haitoki. Unalala nayo, unaoga nayo, unazaa nayo. Inatoka ukiwa mgonjwa sana ama ukifiwa. Anauliza ni mtoto gani yake amekufa na kwa nini Nakiru ameambiwa kabla yake."

Nikamtazama Mama Rispa, aliyekuwa mlangoni na taulo begani.

"Ziko kwenye beseni," akasema polepole. "Kwenye dawa. Siku za kuoga namvua, naziloweka, jioni namrudishia. Zina mafuta ya kondoo na udongo mwekundu, Mwalimu. Zinaharibu shuka. Nilidhani... nilidhani ni usafi."

Kuoga kulitegemea punda. Punda wakileta maji ya kutosha, watoto walioga. Wakileta kidogo, hawakuoga. Mimi nilikuwa nimetafuta majibu kwenye kalenda, na Kakuma haikuwahi kufuata kalenda. Wasichana wetu wengine wawili walikuwa watoto wa madukani, hawakuvaa shanga. Ni huyu mmoja tu.

Ekal akamtuliza mama kwa Kiturkana, kwa muda mrefu, mpaka akaamini kwamba wote wazima. Ndipo akatuambia lililobaki. Baba yake Nakiru alifariki wakati wa kiangazi kilichotangulia. Wanawake wa boma walivua shanga, na Nakiru naye akavuliwa. Aliuma mkono kwa mara ya kwanza siku ile ile. Waliporudisha shanga alitulia, ila si kabisa, na walipomleta kwetu walidhani kituo kitamaliza kilichobaki. Sisi tukawa tunamfisha mtu kila punda wakifanya kazi vizuri.

Nilimgeukia Ekal kwa hasira, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumgeukia.

"Wewe umezaliwa huku! Umemhesabu siku ngapi? Hukuona?"

"Na wewe ni mwanamke, Mwalimu. Ulitaka mimi nifungue gauni ya msichana nitazame?"

Niliandika upepo, niliandika mbuzi, lakini bafuni kwa Mama Rispa sikuwahi kutia mguu, na chini ya kola sikuwahi kutazama.

Shanga zilirudi shingoni saa ile ile, zikiwa zinachuruzika dawa. Mama Rispa mwenyewe alizivisha, akapiga mkasi kola ya gauni lile na mengine yote, wafadhili wapende wasipende. Siku ya tatu punda walileta maji. Nakiru alioga na shanga zake, Mama Rispa akizisugua moja moja shingoni kwa mswaki, akimwimbia. Nilihesabu mpaka saa sita. Tatu.

Ndege ikatua siku ya tano. Daktari akaketi, nami nikamweleza yote, Ekal akiwa upande mmoja, mama yake Nakiru sakafuni karibu na mlango, akijua vizuri kilichokuja kuamuliwa. Nilizungumza kwa dakika kumi bila kupumua. Daktari aliitazama grafu.

"Mwalimu, siku tano za chini. Lakini hapa nyuma naona siku sita za chini mfululizo, kisha akapanda. Siku tano haziniambii kitu."

Alikuwa na haki. Nawaambia hivyo kwa sababu mtakutana na watu wa aina yake na mtataka kuwachukia. Grafu inayoyumba haithibitishi kitu kwa kutulia siku tano.

"Alioga na shanga na hakupanda," nikasema.

"Mara moja. Nitakwambia la kufanya. Mvueni tena sasa hivi. Nina saa moja na nusu. Akijiuma, nitakuamini. Asipojiuma, kuna kiti kwenye ndege."

Ni njia ya kweli ya kujua, mnaisoma vitabuni: ondoa, rudisha, ondoa. Nilijua pia kwamba ningepata ushindi. Ekal alimtafsiria mama, labda hakupaswa. Mama alimvuta binti yake mapajani akaweka kiganja juu ya shanga.

"Daktari," Ekal akasema, "hiyo sayansi nataka mtu afe tena, ndio tujue alikufa?"

"Nataka ushahidi, bwana karani. Mkono ule utaoza."

Wote wakanitazama mimi. Nilifungua mdomo, na sijui hadi leo ningesema nini, kwa sababu Mama Rispa alitangulia.

"Kwa nini avuliwe tena?" akasema. "Mimi nimeshamvua mara tisa. Hazikutoshi?"

Akatoka mbio, kadiri alivyoweza kukimbia, akarudi na daftari lenye jalada la bluu. Lilikuwa daftari la maji. Kila siku aliandika madebe yaliyoletwa na punda na yalikokwenda: jikoni, kunywa, kufua, kuoga. Hakuliandika kwa ajili ya sayansi. Aliliandika kwa sababu alimshuku mpishi.

Nikachukua kalamu. Ekal akawa anasoma siku zenye madebe ya kuoga, nami nikaweka alama ndogo chini ya kila siku kwenye grafu. Siku za kuoga zilikuwa kumi, tukihesabu na ile aliyokuja mama. Alama ya kwanza ikaangukia chini ya kilele. Ya pili, chini ya kilele. Ya tatu. Daktari alivuta kiti karibu. Ya sita alikuwa ameshavua miwani. Jaribio alilolitaka lilikuwa limefanyika tayari, mara tisa, bila mtu yeyote kukusudia, na lilikuwa limelala pale ndani ya msumeno ambao mimi niliupiga rula.

"Hii hapa," Daktari akasema. "Ameoga, hakupanda. Nne."

"Niliugua malaria siku hiyo," Mama Rispa akasema. "Mke wa mpishi aliwaogesha. Yeye hana habari ya kuvua shanga za mtu."

Daktari akakuna kidevu. Kisha kidole chake kikarudi nyuma kwenye kilele kimoja kilichosimama peke yake, ishirini na sita, bila alama chini yake.

"Na hiki? Hakuoga."

Nilitazama karatasi. Nikatazama maandishi yangu ya siku hiyo: upepo wa kawaida, uji wa kawaida, mbuzi hayupo. Ningeweza kutunga kitu. Ndege ilikuwa nje na kiti kilikuwa tupu, na wazo la kutunga lilinijia, tena lilikuja limevaa vizuri.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui, Daktari. Vilele tisa najua. Hicho sijui."

Ekal alimaliza chai yake kwa sauti. Kisha Daktari akachukua fomu, kwenye kisanduku cha wastani akafuta tisa yangu, akaandika: tazama grafu. Akasema atamwona mwezi ujao, na nisithubutu kuacha kuhesabu. Kwenye kile kiti aliondoka mchungaji mmoja aliyekuwa akienda kung'olewa jino.

Nakiru hakuacha kujiuma kabisa. Mwaka mzima alibaki na mbili zake na tatu zake, lakini ngozi hupata nafasi ya kufunga kwenye mbili na tatu, na mkono ulipona. Kazi ya hizo mbili na tatu ndiyo kazi halisi, ya polepole, na siwezi kuifanya ipendeze kwa kuiandika.

Siku ile ndege ilipoondoka, mama yake alisimama mbele ya grafu ukutani, akamuuliza Ekal ni kitu gani. Ekal akamweleza: hizi ni siku, hapa anaumia, hapa ametulia. Akaomba aonyeshwe siku aliyofika yeye. Nikaweka kidole pale mstari uliposhuka kutoka kilele cha mwisho. Akasogea karibu, akakusanya mate, akatema penye kidole changu, mate mengi yenye tumbaku, kama wanavyobariki wazee wa kwao. Nilipata baraka kiasi mkononi, zilizobaki zikapokelewa na karatasi.

Miezi michache baadaye alikuja inspekta kutoka Nairobi, kijana nadhifu mwenye mkoba. Akaikagua grafu, akasifu usafi wa mistari, kisha akainama kwenye doa la kahawia lililofunika siku mbili na nusu.

"Na hii," akauliza, kalamu tayari, "inawakilisha nini?"

Ekal hakuinua hata kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Hiyo ni mama yake," akasema.